Athi

Bwana Lipala ameleta kombi yake saa tatu,
anaongea kabla hajazima injini, maana akizima
hana hakika itawaka tena.
Nikiwasha indiketa ya kulia, anasema,
taa ya kitandani inanikonyeza.
Nikikanyaga breki, redio inanyamaza.
Na usiku, fundi, nikishalala, kuna kitu kinasema tik,
tik, ndani ya ubao,
kama mende aliyevaa saa.

Miaka kumi na tisa amelala ndani ya gari hili
akikagua mikorosho: Nanyamba, Kitangari, Tandahimba,
chini ya godoro mifuko ya salfa,
juu ya kichwa taa moja ya kusomea.
Sasa amestaafu. Mkewe kasema: liuze, au hamia humo.
Hajaamua.

Chini ya dashibodi ya gari la zamani
hakuna ramani. Kuna waya mwekundu
unaoingia nyuma ya ubao na kutokea mweusi.
Kuna wa kijani uliochujuka ukawa rangi ya chai.
Gamba lake ukiligusa linabomoka
kama ganda la karanga.
Usiamini rangi, namwambia Mwanaidi. Amini testa.

Fyuzi ya nane imeviringishwa karatasi ya sigara,
ile ya kung'aa.
Mwanaidi anaishika kwa kucha mbili.
Hii si fyuzi, anasema. Hii ni dua.

Tunacheka. Kisha namlaani aliyeiweka,
na aliyeunganisha waya wa honi na wa feni,
na aliyetoboa bati akaacha tundu bila mpira:
mtu mmoja, naona, mvivu, mwenye haraka,
na mama yake nikamgusa kidogo.

Umeme si mkorofi. Una safari moja tu:
utoke betri, ufanye kazi, urudi betri.
Ukiukuta kwenye taa ambayo hukuiwasha
ujue umekuta mlango wake umefungwa,
ukaomba njia uani kwa jirani.

Basi tafuta mlango. Tafuta athi.

Tunainua zulia nyuma ya kiti cha dereva.
Mchanga wa Newala, maganda mawili ya korosho,
risiti ya mafuta isiyosomeka.
Na hapo, kwenye bolti moja iliyoliwa na kutu
(hapa Chikongola hata kijiko kabatini kinaliwa),
nyaya tano zimesokotwa pamoja kama ukili,
zikafungwa kipande cha tyubu ya baiskeli,
mafundo matatu,
la mwisho limegeukia kushoto.

Fundi, anasema Mwanaidi, huyu alisomea wapi?

Anautazama mkono wangu ulioshika koleo.
Mkono wa kushoto.

Alisomea hapahapa, nasema.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mvua.
Fundi Nambunga kaenda msibani Kitaya,
kaniachia bolti moja na neno moja:
mteja asiondoke.
Ningeweza kusema sijui.
Neno lenyewe fupi, silabi tatu,
lakini siku ile lilikuwa refu kuliko barabara ya Masasi.
Bwana Lipala akanilipa elfu tatu, akanishukuru.
Nilinunua kandambili.

Nakata mafundo. Napiga msasa
mpaka bati linaonyesha uso wake.
Kila waya na pete yake, kila pete na bolti yake, kisha grisi.
Mwanaidi anawasha indiketa ya kulia.
Taa ya kitandani imetulia, imezimika kistaarabu.
Breki: redio inaendelea kusoma bei za korosho.

Bwana Lipala anapanda, analala kitandani na viatu vyake,
mikono kifuani. Sote tunanyamaza.

Tik.

Tik.

Hiyo, namwambia, sijui.
Lirudishe Alhamisi.

Anakaa kitako. Anatabasamu
kama mtu aliyeongezewa likizo.
Alhamisi, anasema. Nitamwambia mke wangu
bado halijapona.